Neno Lililolala Sandukuni

Siku hizi nikienda kusali kwa wanangu mjini, mhubiri husimama na kipaza sauti mkononi akauliza, "Haleluya?" Watu huitikia, "Amina!" Anameza mate, anauliza tena. Akisahau alichotaka kusema, Haleluya. Umeme ukikatika na kurudi, Haleluya kubwa kuliko zote. Jumapili moja nilianza kuzihesabu, nikafika arobaini na kitu nikaacha, kwa sababu niliona hasira inapanda, na mimi sikwenda kule kutafuta hasira. Mjukuu wangu huniuliza mbona siitikii. Namwambia kwamba nililizoea neno hilo likiwa adimu, kama sukari ya duka la ushirika. Anacheka tu, maana hajui duka la ushirika lilikuwa nini.

Kwetu neno hilo lilikuwa na sanduku lake. Sisemi hivi kwa kupamba maneno. Lilikuwa sanduku la bati, la kijani, lililobonyea upande mmoja, lenye kufuli, na ufunguo wake ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango pamoja na pampu ya baiskeli. Ndani yake zilikaa nguo za madhabahu na mishumaa, na kila mwaka kwa muda wa majuma sita na siku chache, ilikaa Aleluya.

Baba alikuwa katekista. Alizaliwa Dindira, kule juu kwenye chai na ukungu, akafundishwa kazi na padre mmoja mzee aliyetaka kila jambo lifanyike kama lilivyoandikwa, na lisipoandikwa alikuwa tayari kuliandika. Katika kanisa letu, Kwaresima ikiingia, Aleluya haisemwi. Kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Pasaka haiimbwi, haisomwi, na wimbo wenye neno hilo unarukwa. Padre yule aliongeza na lake: Jumapili ya mwisho kabla ya Majivu, neno lenyewe, likiwa limetariziwa kwenye kitambaa, linakunjwa mbele ya watu wote, linalazwa sandukuni na kufungiwa. Siku ya Pasaka linatolewa, linakunjuliwa, na watu wanaimba mpaka udongo wa ukutani unadondoka.

Kitambaa chetu kilikuwa cha marekani, ile pamba nzito isiyotiwa rangi, urefu wake kama kanga moja. Baba alichora herufi saba kwa penseli, mama akazifuata kwa sindano na uzi mwekundu. Mama hakujua kusoma wakati huo. Alitarizi herufi moja moja kama mtu anayefuata nyayo za mbuzi aliyepotea, na alipomaliza ndipo baba akamsomea alichokiandika. Miaka ya baadaye, kisomo cha watu wazima kilipoanza kijijini, mwalimu alimpa chaki akamwambia aandike chochote anachokijua. Mama aliandika Aleluya ubao mzima, bila kukosea hata herufi, kabla hajajifunza kuandika jina lake.

Miaka michache baada ya Azimio la Arusha, padre wa Korogwe alimtuma baba ateremke kwenye kijiji kipya cha ujamaa upande wa Sindeni. Nilikuwa bado mdogo, na nililia njia nzima kwa sababu ya joto. Kijiji kilikuwa cha Wazigua, Waislamu, wakulima wa enzi na enzi katika nchi ile kavu. Wakristo tulikuwa nyumba nane tu: watu walioteremka milimani kama sisi, na waliokuwa vibarua kwenye mashamba ya mkonge. Kanisa lilikuwa la udongo na nyasi. Kengele hatukuwa nayo. Palikuwa na ringi ya lori iliyotundikwa karibu na ofisi ya kijiji. Ikigongwa mapigo ya haraka ni shamba la kijiji, ikigongwa taratibu siku ya Jumapili ni sisi. Mtu aliyeigonga vibaya aliwapeleka Wakristo shambani na majembe siku ya Bwana, na ilitokea.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mwalimu wa chuo, aliyewasomesha watoto Kurani kibarazani kwake. Baba alimwita maalim, naye alimwita baba mwalimu, na kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ni mtu mwema aliyekosea njia kidogo. Mke wake alikuwa mkunga wa kijiji. Mimi nilimwita bibi, kama watoto wote aliowapokea na ambao hakuwapokea.

Nilikuwa mtoto wa maswali. Nilimuuliza baba Aleluya maana yake nini, na kwa nini yule padre mzee wa Dindira, aliyegeuza kila kitu kuwa Kiswahili hadi majina ya wadudu wa Misri, neno hili aliliacha lilivyo. Baba akatoa daftari lake la masomo, akalifuta vumbi kwa mkono wa shati. Aliponisomea alibadilisha sauti, kama alivyofanya kila aliposoma mwandiko wake mwenyewe.

"Ni Kiebrania," alisema. "Mwanzo wake ni kusema, sifuni. Mwisho wake ni jina la Mungu kwa kifupi. Msifuni Bwana. Limo kwenye Zaburi, halafu likanyamaza, halafu likarudi kwenye Ufunuo huko mwisho kabisa. Wagiriki hawakuligeuza, Walatini hawakuligeuza, Wazungu waliotuletea hawakuligeuza. Sisi ni nani?"

"Na kwa nini tunalifungia?"

"Ili tulikumbuke. Kitu unachokula kila siku hukijui ladha yake." Kisha akaongeza jambo ambalo sikulijali wakati ule. "Tena ni neno la kuwaambia watu wengi. Huwezi kujiambia peke yako. Anayelisema anawaita wengine."

Niliridhika kwa muda. Kisha mama akajifungua mtoto ambaye hakulia.

Ilikuwa majuma mawili kabla ya Pasaka. Nilikuwa nje ya nyumba nikisubiri, kama watoto wanavyoambiwa wasubiri, na nilichokuwa nasubiri ni kile kilio. Wanawake waliniambia, ukimsikia ndiyo umepata mdogo wako. Nilisubiri mpaka kuku wakaingia bandani. Bibi mkunga akatoka, akanishika kichwa, akapita. Mtoto alizikwa siku ile ile, akiwa hana jina. Pasaka ilipofika baba alitoa kitambaa sandukuni, akakikunjua, na watu wakaimba kwa nguvu. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mama nikimwangalia. Mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Nilidhani ni siku ile tu. Lakini Jumapili iliyofuata alifunga mdomo tena, na nyingine tena. Nyimbo zote aliimba, na sauti yake ilikuwa nzuri, ya milimani, lakini tukifika kwenye lile neno alinyamaza, akangoja lipite, kisha akaendelea. Hakugomba na mtu wala hakuacha kwenda kanisani. Baba alijua. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo, amesimama mbele anatuona wote, na nilimwona akimtazama na kugeuza macho. Hawakulisema jambo hilo nyumbani. Nami nikaingia kwenye kazi ya kuutazama mdomo wa mama kila Jumapili, miaka miwili.

Halafu akapata mimba tena. Kila mtu alihesabu miezi kwa vidole na kila mtu alijifanya hahesabu. Mtoto angezaliwa Kwaresima.

Uchungu ulimshika Jumatatu asubuhi, juma la nne la Kwaresima, na kufikia saa nne bibi mkunga alitoka nje akamwambia baba kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa hapo hapo.

"Mwalimu, mtoto amekaa vibaya. Huyu mimi simwezi. Huyu ni wa hospitali."

Mungu akaleta lori. Lilikuwa limebeba mahindi kwenda Korogwe, magunia hadi juu, na mbele palikuwa na nafasi ya watu wawili wa kubanana na dereva. Baba alikuwa tayari ameshavaa koti.

"Wewe baki," bibi alimwambia. "Huko utafanya nini? Utasimama nje ya mlango kama jembe. Nitakwenda naye mimi."

Baba akabaki. Nilimkasirikia, na nikisema kweli, nilimkasirikia siku zote tano zilizofuata. Mama alipopandishwa alinitazama, akataka kusema kitu, uchungu ukamkata, lori likaondoka. Jioni ile mvua ya masika ikaanguka kama iliyokuwa inadaiwa na mtu. Kesho yake asubuhi baba alipanda baiskeli awafuate, akarudi saa tano amelowa hadi kwenye mfuko alimoweka Biblia. Mto ulikuwa umepanda juu ya daraja. Hapakuwa na gari linalokwenda wala linalorudi, na habari nazo zilikaa ng'ambo kule pamoja na magari.

Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Nyumba mbili hazikuwa na wanawake, kwa hiyo tulikula pamoja, mimi, baba na maalim. Ugali niliupika mimi siku ambazo maalim hakuwahi, na siku alizowahi tulikula unga usioiva. Baba hakuongea. Maalim aliongea kwa watatu, kuhusu panya, kuhusu mwenyekiti wa kijiji, kuhusu mbolea iliyoletwa badala ya mbegu, na kila lori la kufikirika lililounguruma mbali alikuwa wa kwanza kusimama.

Alhamisi mchana nilimkuta kibarazani anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, nikakaa nikamsaidia, kisha nikauliza nililokuwa nalo.

"Babu, kwa nini watoto wakizaliwa lazima walie?"

Alinitazama kidogo. Alijua ninauliza nini. "Wasipolia hatujui kama wamefika," alisema. "Katika vitabu vyetu kilio hicho kina jina lake. Kinaitwa istihlali. Mtoto akilia hata mara moja, basi ni mtu kamili. Anarithi. Akifa, anasaliwa."

"Na asipolia?"

Aliendelea kupukuchua. "Mungu anamjua," akasema. Kisha, nadhani ili kunitoa hapo, akaanza kunifundisha kana kwamba nilikuwa mmoja wa watoto wake wa chuo. Akasema neno hilo lina ndugu. Mwezi mwandamo unaitwa hilali, kwa kuwa watu wa kale walipouona walipaza sauti. Tunapobeba maiti tunaleta tahalili, tunapaza sauti kwamba hakuna mungu ila Mungu. "Na lile neno la baba yako, analolitia kufuli," akacheka, "Waebrania na Waarabu ni mtu na ndugu yake kwa lugha. Mimi kwa nionavyo, limetoka kwenye shina hilo hilo. Ni kupaza sauti. Siku zote namtania baba yako, nasema, mwalimu, ninyi watu gani mnafungia sauti kwenye bati?"

Maalim aliona anasema utani. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na punje za mahindi zilinidondoka mkononi.

Nilikwenda nyumbani nikakaa mbele ya sanduku. Kila kitu kilikuwa wazi kabisa, nikashangaa watu wazima hawakukiona. Kilio cha mtoto na neno la sandukuni ni ndugu. Mara ya kwanza mtoto alikuja wakati neno limefungiwa, akakosa cha kulia nacho. Sasa mwingine alikuwa anakuja, au ameshakuja, na kufuli ilikuwa imefungwa, na aliyeifunga ni baba yangu mwenyewe.

Ijumaa asubuhi ringi iligongwa mapigo ya haraka, baba akachukua jembe akaenda shamba la kijiji na wenzake. Mvua ilikuwa imepumzika. Nikavuta kigoda, nikashusha ufunguo, nikafungua sanduku. Kitambaa kilikuwa juu kabisa, kinanuka nta na dawa ya nondo. Nilikibeba hadi kanisani, nikakikunjua, nikakitundika mlangoni kwa miiba ya mchongoma, huku na huku, herufi saba nyekundu zikitazama barabara ya kwenda Korogwe. Sikuwahi kufanya kosa kubwa hivyo, na sikuwahi kuwa na hakika hivyo.

Watu walirudi kutoka shambani saa sita, na njia ilipita mbele ya kanisa. Waislamu waliokuwa wanawahi sala ya Ijumaa walipita wakidhani ni sikukuu yetu, wengine wakanipa hongera. Wa kwanza kuelewa alikuwa mzee wa kanisa. Huyu alikuwa amefanya kazi ya unyapara kwenye mkonge miaka mingi, na unyapara haukuwa umemtoka.

"Nani ametoa hii?" aliuliza. "Leo Ijumaa! Tena Kwaresima! Nani?"

"Mimi."

"Wewe mtoto, una wazimu? Padre atapata habari hii. Nitaandika barua mimi mwenyewe."

Baba alikuwa amefika nyuma yake, jembe begani, miguu imejaa tope. Alitazama mlango. Kisha akaniuliza kwa nini, na aliniuliza kwa upole, jambo lililonifanya niseme yote kwa ukali. Nikasema maneno ya maalim, kilio na mwezi na maiti. Nikasema mtoto wetu hakulia kwa sababu yeye alikuwa amefungia sauti yake. Nikasema, na hata leo natamani ningelisema kwa namna nyingine, "Na mama haimbi kwa sababu anajua ni wewe."

Mzee wa kanisa aliinua mkono. Baba akamwambia, "Mzee, andika barua. Padre nitamjibu mimi. Sasa tuache."

Tulipobaki wawili nilingoja kofi. Baba aliweka jembe chini, akakaa kwenye kizingiti cha kanisa, chini ya kitambaa chenyewe, na tope lake lote.

"Mwanangu," alisema, "hayo uliyosema si dini, na padre akisikia atacheka. Lakini hata mimi nimeyawaza. Mwaka huu nilipofunga ile kufuli, niliwaza hayo hayo."

Sikujua la kufanya na baba wa namna hiyo. Nikauliza kama nikitoe.

"Kiache," alisema. "Mpaka tupate habari."

Habari ilikuja Jumamosi mchana, nayo haikuja kwa lori. Tulisikia trekta la kijiji. Mto ulikuwa umeshuka, gari kutoka Korogwe lilifika hadi ukingoni, watu wakavuka kwa miguu na trekta likawapokea upande huu. Lilikuja polepole, likivuta tela, na juu ya tela, kati ya mifuko ya mbolea, niliona miavuli miwili. Nilikimbia. Baba alikuwa anakimbia pia, kitu ambacho sikuwahi kukiona, na maalim nyuma yake ameshikilia kofia. Hatukujua bado. Miavuli miwili ilikuwa inasema tu kwamba mama yupo hai. Hilo peke yake lilinitoa machozi, nikaendelea kukimbia huku siioni njia.

Kisha trekta likazima injini, na katika ule ukimya kukatoka sauti. Sijasikia tena sauti mbaya kama ile. Ilikuwa kali, ya kukwaruza, yenye ghadhabu, na haikutaka kuisha.

"Mpokeeni jamani!" bibi mkunga alipiga kelele kutoka kwenye tela. "Huyu halii, huyu anatangaza! Tangu Korogwe hatujasikilizana!"

Maalim alikaa chini barabarani, pale pale kwenye matope, akasema Alhamdulillahi mara nyingi hata akapoteza pumzi. Baba alisimama ameshika ubao wa tela. Mama aliteremshwa taratibu, amekonda, kanga zimelowa, akanishika shavu, kisha akainua macho akaona mlango wa kanisa. Uso ukambadilika.

"Mwalimu," alimwambia baba kwa hofu ya kweli, "Pasaka imenipita?" Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Jumatatu tuliondoka. Jumanne. Nililala siku ngapi? Mbona hamkunisubiri?"

Tulicheka. Nilianza mimi, akafuata bibi, akafuata dereva wa trekta ambaye hakujua tunacheka nini. Kicheko kile nakikumbuka tumboni. Siku tano zilitoka zote kwa mara moja. Baba naye alicheka, kisha akafuta macho kwa mkono wenye udongo akajichafua uso.

Mama hakucheka. Alikuwa na jambo linalomsumbua, na alitaka kulisema kabla hajaingia ndani.

"Nimefanya kosa," alisema. "Huyu mtoto naye alitoka kimya. Alikuwa wa bluu. Nesi akampigapiga nyayo, akamvuta makamasi, akampulizia pumzi, kimya. Bibi hapa alikuwa anasoma dua zake. Nikageukia ukutani. Nikasema moyoni, haya, na huyu tena. Halafu akalia. Na mimi likanitoka. Nililisema kwa sauti, wodi nzima ikasikia. Nililisema mara nyingi. Sikukumbuka Kwaresima wala nini. Unisamehe."

"Alilipiga kelele," bibi akashuhudia. "Hata mimi niliitikia. Sikujua kinachoitikiwa, nikapiga vigelegele."

Baba alikuwa mtu wa majibu. Alikuwa na daftari. Safari hii alikwenda mlangoni, akachomoa miiba mmoja mmoja, akakishusha kitambaa, akakikung'uta. Kanga ya mtoto ilikuwa imelowa chapachapa. Akaivua, akamfunga mdogo wangu kwenye marekani ile kavu, mikunjo mitatu, herufi nyekundu zikamzunguka kifuani, na mtoto akanyamaza ghafla kama aliyepata alichokuwa anadai. Mama alimtazama baba. Sijui walisemezana nini kwa macho, lakini tulipoingia ndani walikuwa wanatembea wameshikana, na watu wa umri wao hawakuwa wakishikana.

Majuma mawili mtoto alikaa kwenye kitambaa kile. Mama alimnunulia vingine, lakini kwingine kote mtoto alitangaza, humo akalala. Mzee wa kanisa alituma barua yake. Padre wa Korogwe akaja kwa pikipiki Jumamosi kuu, mtu mrefu, Mshambaa, aliyejulikana kwa kutocheka. Hata chai hakugusa.

"Katekista," alisema, "nimeambiwa neno limetoka kabla ya wakati. Liko wapi?"

"Liko ndani, padre. Limelala."

Padre akaingia, akainama juu ya kitanda, akakaa hivyo kidogo. Mama alikuwa amesimama kando, mikono kifuani. Mimi nilikuwa mlangoni, nikipanga kusema kwamba mwizi ni mimi, baba asifukuzwe kazi. Padre akajinyoosha, akauliza kama lile doa kwenye herufi ya U litatoka. Mama akasema amesugua kwa majivu na kwa sabuni, halitoki.

"Basi," padre alisema. "Kesho mlete hivyo hivyo." Kisha akaomba ile chai.

Asubuhi ya Pasaka ringi iligongwa taratibu, na nadhani kijiji chote kilikuja. Waislamu walisimama nje, wanawake hasa, na bibi mkunga mbele yao akiwa ameegemea mlango ule ule. Wakati ulipofika baba hakwenda kwenye sanduku. Alimchukua mtoto kwa mama, akasimama naye mbele, akamwinua. Hatukuambiana, lakini sote tulikuwa tunangoja kitu kimoja: mtoto yule wa kelele, aliyewakosesha usingizi nyumba tatu, atalia, na kilio chake ndicho kitakachoanza wimbo. Tulingoja. Mdogo wangu alipiga mwayo, akageuza kichwa, akalala fofofo.

Ilikuwa kazi ya baba kuanza. Nilimwona anavuta pumzi, akafungua mdomo, na sauti haikuja. Akajaribu tena. Machozi yalikuwa yanashuka hadi kwenye ndevu, na mikono ilikuwa na mtoto, hakuweza kuyafuta.

Nikageuka kumtazama mama, kwa mazoea yangu ya miaka miwili. Alikuwa ameshaufungua mdomo wake. Aliimba peke yake, neno zima, kwa ile sauti yake ya milimani, akimtazama baba usoni. Kisha akanyamaza angoje kujibiwa, kama wimbo unavyotaka. Baba alitikisa kichwa. Hakuweza.

Basi nikaitikia mimi, kwa niaba yake.